Loda Ndogo ya Bandani: Anza na Mlango, Farasi Baadaye

SWALI: Fundi, nafuga ng'ombe 40 wa maziwa. Nataka loda ndogo, ile inayogeuka papo hapo ilipo, ya kuzoa samadi bandani, kubeba marobota ya mviringo na mara mojamoja kuchimba mashimo ya nguzo. Muuzaji ananisukumia yenye nguvu za farasi 74, anasema ndogo itanijutisha. Nimsikilize?

JIBU: Msikilize, lakini kwanza chukua futi kamba. Pima mlango mwembamba kuliko yote bandani, upana na kimo, kisha pima nafasi ya kugeukia ukiwa ndani. Loda ya kubeba kilo 600 huwa na upana wa karibu mita 1.4. Ya kilo 800 hadi 900 hufika mita 1.7 hivi, kimo karibu mita 2, na yenyewe ina uzito wa tani 3 au pungufu kidogo. Zenye farasi 74 mara nyingi ni pana kuliko hapo.

Mashine hizi zilizaliwa bandani. Mwaka 1957, huko Minnesota, Marekani, ndugu wawili, Louis na Cyril Keller, walimtengenezea mfugaji wa bata mzinga loda ya magurudumu 3 ya kuzoa kinyesi mahali trekta lisipoweza kugeuka. Ukinunua isiyopita mlangoni, utarudi kwenye koleo.

Baada ya mlango, mzigo. Hapa wengi huponzwa na karatasi. Uwezo unaoandikwa kwa loda ya matairi ni nusu ya mzigo unaoinua magurudumu yake ya nyuma. Iliyoandikwa kilo 800 huanza kunyanyuka nyuma kwenye kilo 1,600. Zinazotembea kwa mnyororo wa mpira badala ya matairi mara nyingi huandikwa kwa asilimia 35 ya mzigo huo, kwa hiyo usilinganishe namba hizo mbili kavukavu. Uliza mzigo wa kupindua wa kila moja, yaani huo unaoinyanyua nyuma.

Sasa pima robota lako, usikisie. La majani makavu huwa kilo 250 hadi 450. La saileji, yaani majani mabichi yaliyochachushwa, kwa ukubwa uleule, linaweza kupita kilo 700. Tena robota hukaa mbali na magurudumu ya mbele kuliko udongo ulio ndani ya ndoo, na umbali huo unakula uwezo. Kama unalisha majani makavu tu, ya kilo 600 inakutosha. Kama una saileji, mimi nisingeshuka chini ya 900.

Mikono inayoinua ndoo nayo iko ya aina mbili. Inayochora upinde hufika mbele zaidi ikiwa katikati, ni nzuri kwa kuchimba na kusawazisha, ila ikifika juu hurudi nyuma. Inayopanda karibu wima hubaki mbele hata juu kabisa. Wewe wa kupanga marobota na kujaza tela, chukua hii ya pili, hata ikigharimu zaidi.

Haidroliki ya kawaida, yaani mafuta yanayosukumwa kuendesha vifaa, lita 60 hadi 90 kwa dakika, inazungusha keekee ya mashimo ya nguzo bila shida. Ile ya mtiririko mkubwa ni ya kufyeka vichaka na kazi za namna hiyo. Usiilipie. Na kama sakafu ni ya saruji, chukua matairi. Saruji hutafuna mnyororo wa mpira upesi, na bei yake itakuuma.

Ukiwa na mteremko, kumbuka uzito uko wapi: ikiwa tupu, nyuma ndiko kuzito, basi panda kinyumenyume. Ikiwa na mzigo, panda mzigo ukitangulia.

Ukiangukia iliyotumika, mwambie muuzaji ailete bandani kwako. Tikisa ndoo kwa mkono ikiwa chini na injini imezimwa. Pini na bushi zilizokwisha utazisikia zikigonga. Angalia mafuta ya boksi la cheni zinazozungusha magurudumu. Kisha inua robota nusu mita, zima injini, watu wakae mbali, usubiri dakika 10. Mikono ikishuka yenyewe, silinda au vali zinavujisha. Hapo anzeni upya mazungumzo ya bei.