Nimeuza "hisa" za uchaguzi wa Marekani kabla ya matokeo, na hiyo nayo ni kamari?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Mimi kijana wa Temeke, nina kibanda cha simu Kariakoo. Uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024 nilinunua hisa za Trump kule Polymarket, soko la mtandaoni la kutabiri matukio kwa hela, Jumatatu tarehe 4, hisa 200 kwa senti 58 kila moja, jumla dola 116. Usiku wa kuamkia Jumatano sikulala, nimeshika simu mpaka saa kumi na moja alfajiri adhana inalia, bei ikagusa senti 81 nikauza zote nikatoka na dola 162, na mshindi alikuwa bado hajatangazwa. Rafiki yangu anasema hiyo sio kubeti, mkeka ukishauweka unasubiri utiki au uchanike, hapa unanunua na kuuza kama mtu wa vitenge, halafu eti hata Abubakar (RA) aliwekeana dau na makafiri kwenye vita vya Warumi. Mwingine pale kijiweni akaniambia nimekula haramu, tukatukanana, mpaka leo hatusalimiani. Na hapo kijiweni tuna mtindo wetu, tukibishana siasa anayekosea analipia wote kahawa. Hela bado ipo sheikh, nisaidie.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Umeuliza ukiwa na hela bado mkononi, wengi wanauliza zikishaisha.

Kwanza tuliangalie hilo neno hisa, maana ndo linalowapoteza vijana wengi. Hisa ya kiwanda cha saruji pale Wazo Hill unayonunua soko la hisa la Dar ina kiwanda nyuma yake, kuna mashine, kuna mifuko inatoka getini, kampuni ikipata faida na wewe una chako. Sasa hiyo yako ya Trump nyuma yake kuna nini? Akishinda kila moja inalipwa dola 1, akishindwa inalipwa sifuri, basi, hakuna kingine. Na hiyo dola 1 haishuki kutoka mbinguni, wewe umetia senti 58 na kuna mtu mahali fulani duniani katia senti 42 upande wa pili, mmoja wenu atazoa zote na mwenzie aambulie patupu. Hiyo ndo maysir yenyewe, yaani kamari, ile ya Suratul Maida aya ya 90, ila badala ya kuandikiwa odi umeandikiwa bei.

Mtaniambia lakini sheikh nimeuza kabla. Sawa, umemuuzia nani na umemuuzia nini? Umemuuzia mtu nafasi yako kwenye dau, yeye kakaa pale ulipoinuka wewe. Hata hao wa mikeka siku hizi wana kashauti, timu yako inaongoza mbili bila dakika ya 80 unabonyeza unachukua kidogo unatoka, mbona hiyo hamjawahi kuiita biashara ya vitenge? Kitenge kikikosa mteja mkeo atashona gauni. Hisa ya Trump ikikosa mteja na Trump akaanguka utashona nini.

Wengine wanasema mimi sibahatishi, nimefanya utafiti, nafuatilia kura za maoni na midahalo, ule wa Philadelphia wa Septemba niliamka saa kumi alfajiri kuutazama. Mashallah, laiti ingekuwa tahajjud. Lakini aisee ujuzi haubadilishi hukumu, hata mcheza karata ana ujuzi. Na kwenye hayo masoko mwenye ujuzi anamla asiye nao, kuna Mfaransa mmoja ilitangazwa kavuna zaidi ya dola milioni 80 uchaguzi ule ule, na alikuwa amelipia kura zake za maoni za siri, watu wanaulizwa unadhani majirani zako watampigia nani. Sasa hizo milioni 80 zimetoka kwa nani kama sio kwa watu waliokaa na simu zao usiku kama wewe, hawajui wanacheza na nani. Na wakijisifu kwamba soko linajua kuliko wataalamu, 2016 masoko ya aina hiyo yalimpa Clinton nafasi kubwa na tunajua kilichotokea. Ila tuseme hata lingepatia kila mara, Qur'an haikukataa kwamba kamari ina faida, Suratul Baqara aya ya 219 inakiri wazi kuna manufaa kwa watu, halafu inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kwa hiyo ukija na hoja ya manufaa umekuja na kitu kilichokwisha jibiwa.

Sasa hili la Abubakar (RA), hapa nitakaa kidogo maana rafiki yako kasoma nusu ya kisa. Warumi walipigwa na Waajemi, makuraishi wakafurahi kwa sababu Waajemi hawakuwa watu wa kitabu kama wao wasivyokuwa, Waislamu wakawa upande wa Warumi kwa kuwa ni watu wa kitabu, yaani ulikuwa ubishi wa siasa za nje kama wenu wa kijiweni ila ni wa Makka. Ikashuka Suratu Rum kwamba Warumi watashinda ndani ya "bidh'i sinin", miaka michache, neno linalobeba kuanzia mitatu mpaka tisa. Abubakar akawekeana nao dau. Kwenye riwaya moja ya Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, wakakubaliana miaka sita, sita ikaisha Warumi hawajashinda, makuraishi wakabeba dau lake, na mwaka wa saba ndo Warumi wakashinda. Unaona? Habari ya ushindi ilikuwa ya Mwenyezi Mungu na ikatimia, ile sita walijipangia wenyewe na hapo hapo ndo hela ikaondoka. Na riwaya hiyo hiyo inasema wazi ilikuwa kabla dau halijaharamishwa. Sasa mtu anakuja 2024 na ruhusa iliyokwisha, tena yeye hana wahyi ana kura za maoni.

Najua rafiki yako atakuletea pia kauli ya Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, kwamba kisa hicho ni dalili ya kuruhusu dau na kafiri kwenye nchi ya vita, yaani nchi ya makafiri walio vitani na Waislamu. Hiyo ipo vitabuni sikatai, ila wanachuoni wengi hawakuifuata na sisi wa madhehebu ya Shafi huku pwani hatuifuati, halafu upande wa pili wa simu yako unajuaje ni kafiri? Anaweza kuwa Muislamu wa Mwanza.

Tuje kwenye hela. Dola 116 zako mwenyewe ni zako, zirudishe dukani. Zile 46 za juu sio zako, na mwenyewe humjui wa kumrudishia, zitoe kwa maskini au jambo la manufaa ya watu, sio kwa nia ya thawabu, unajitoa tu nazo. Usimnunulie mama futari na usiniletee mimi. Na hata kwa mwaliko tu wa kamari Mtume (SAW) amesema anayemwambia mwenzake njoo tucheze kamari basi atoe sadaka, ipo Bukhari na Muslim, huyo kaalika tu bado hajala.

Huyo mliyetukanana naye mtangulie salamu wewe. Hukumu alipatia, ila kusema mbele za watu vile hakupatia. Aya inayofuata pale Maida, ya 91, inasema shetani anataka kutia uadui na chuki kati yenu kwa ulevi na kamari na kuwazuia na dhikri na sala, na nyie mmegombana kwa uchaguzi ambao hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa kwenye daftari la wapiga kura.

Kubishana siasa kwenyewe hakuna ubaya, bishaneni, ila kahawa ya anayekosea nayo ni dau, udogo wa kikombe hausaidii. Mimi mwenyewe ujanani kijiwe cha Magomeni nilishakunywa hiyo kahawa na kashata juu, nimestuka niko kikombe cha tatu. Akijitokeza ambaye hayumo kwenye ubishi akasema mimi nitamnunulia atakayepatia, hiyo ni zawadi haina neno.

Halafu kuna kitu umepita juu juu. Umesema saa kumi na moja adhana inalia wewe unaangalia bei. Hiyo Alfajiri uliisali saa ngapi?