Kidole changu mlangoni mwa klabu: maswali yenu, Anti anajibu

Wiki mbili zilizopita niligusia tu kwamba klabu siku hizi zinaskani vitambulisho na nyingine zinataka mpaka kidole, aisee, inboksi ikafurika. Nimechagua maswali machache, mengine yalikuwa yanafanana na mengine yalikuwa matusi. Kwa wasionijua, kabla sijaanza kuandika nilikaa dirisha la kuingilia klabu miaka miwili nauza tiketi na kuandikisha wageni, kwa hiyo baadhi ya haya nayasema kwa kuyaona kwa macho.

Shikamoo anti. Juzi tumefika klabu, baunsa ananiambia weka kitambulisho hapa na kidole hapa ndo uingie. Mimi nimezoea kidole ni benki na laini ya simu. Klabu wanakitaka cha nini?

Marahaba mwanangu. Mlango wa klabu una maswali mawili tu. Je, huyu umri umefika? Na je, huyu ndo yule tuliyemtoa nje wiki iliyopita kwa kumpasua mwenzie chupa? Basi. Yote mawili jibu lake ni ndiyo au hapana, hakuna mahali jina la mtaa wako linahitajika.

Kidole kinaletwa kwa ajili ya lile swali la pili, manake aliyepigwa marufuku anaweza kuazima kitambulisho cha kaka yake wanayefanana lakini kidole hakiazimwi. Na hii si kitu kipya kabisa, mji wa Yeovil kule Uingereza mwaka 2006 baa na klabu zilianza kuandikisha wateja kwa alama ya kidole, picha na kitambulisho, halmashauri ya wilaya ndo iliyokuwa mbele na hela za serikali kuu zilikuwemo, ukileta vurugu baa hii zile nyingine zinajua. Halmashauri ikajisifu kwamba fujo za ulevi zimepungua. Inawezekana zilipungua kweli, mimi sibishi, ila unakuta kwa ajili ya wagomvi wachache kila aliyekuja kucheza muziki na kurudi zake nyumbani ameacha alama kama mtuhumiwa.

Kwa swali la umri ndo hata skana haihitajiki. Baunsa anamulika kitambulisho na tochi, anaangalia mwaka, anakuangalia usoni, anakurudishia. Hakuna kilichobaki kwake. Skana ni habari nyingine, mfano leseni za udereva za Marekani zina ule mchoro wa mistari kwa nyuma ambao ndani yake kuna jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, urefu wako mpaka rangi ya macho, sasa mashine ya mlangoni ikiusoma inaweza kuyabeba yote kwa mkupuo mmoja wakati shida ilikuwa mwaka wa kuzaliwa tu.

Mimi nilimuuliza meneja akaniambia "hatutunzi picha ya kidole chako, tunatunza namba tu, haziwezi kurudi kuwa kidole". Nimwamini?

Mwamini nusu. Ni kweli mifumo mingi haitunzi picha. Skana inatafuta zile sehemu ambazo mstari wa kidole unakatika au unagawanyika kama njia panda, inapima ziko wapi na zinaelekea upande gani, inaandika mfululizo wa namba. Wenyewe wanaita templeti. Kesho ukija wanalinganisha templeti na templeti.

Hiyo ya "haziwezi kurudi" ndo nusu nyingine. Miaka mingi watengenezaji walikuwa wanaapa hivyohivyo, mpaka mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, wakachukua templeti wakajenga upya picha ya kidole, na ile picha ikakubaliwa na mifumo kama kidole halali. Halafu si kila mtu anatunza templeti anavyosema. Agosti 2019 mfumo unaoitwa BioStar 2 wa kampuni ya Suprema ya Korea Kusini, mfumo wa milango ya maofisi na majengo ya maana, ulikutwa kanzidata yake iko wazi mtandaoni na alama za vidole zaidi ya milioni 1 zimekaa humo bila kufichwa. Na mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia watumishi iliibiwa alama za vidole za watu milioni 5.6. Serikali ya Marekani hiyo.

Sasa ngoja nikuambie kompyuta yetu sisi ilikaa wapi. Chini ya kaunta, pembeni ya kreti za soda, kibodi inanata kwa juisi, na paswedi imeandikwa kwa maka pen kwenye plasta iliyobandikwa juu ya skrini. Paswedi yenyewe ilikuwa jina la klabu na 123. Dogo aliyekuwa analeta barafu alikuwa anaijua, manake wakati wa mchana alikuwa anaitumia kuangalia mpira. Kwa hiyo meneja akikuambia "namba tu" we muulize namba zinakaa wapi, nani anaingia humo, na zinafutwa lini. Akianza kukuna kichwa umeshapata jibu.

Anti mimi ni binti wa miaka 23. Klabu niliyoenda walichukua kitambulisho na namba ya simu. Kesho yake asubuhi napata meseji "jana ulipendeza sana, ni mimi wa mlangoni". Nimembloku ila naogopa, kitambulisho changu kina anwani ya nyumbani. Niliwaambia marafiki wakacheka wakasema nimependwa.

Pole sana, na hao marafiki waambie Anti amekasirika. Hujapendwa hapo, umefunguliwa faili.

Hili ndo nililotaka kulisemea siku nyingi. Watu wakisikia faragha akili inaenda kwa wadukuzi wamevaa kofia wako nchi za mbali huko, kumbe mtu wa kwanza wa kuchungulia taarifa zako ni yule uliyempa mkononi. Nilikuwa na mwenzangu mlangoni, kijana mcheshi sana, alikuwa anapiga picha kurasa za daftari na simu yake, anachagua majina, Jumatatu anatuonyesha nani amejibu na nani hajajibu. Tulikuwa tunacheka. Na mimi nilicheka, nasema wazi, na leo nikisoma meseji yako naona aibu.

Cha kufanya. Usiifute ile meseji, piga skrinishoti inayoonyesha namba na tarehe, tunza sehemu mbili. Andika kwa uongozi wa klabu, usipige simu, andika, sema nani amekutumia nini saa ngapi, uliza nani ana ruhusa ya kuona taarifa za wageni, taka zako zifutwe na wakuthibitishie kwa maandishi. Wakikaa kimya, nchi nyingi sasa zina mamlaka ya kulinda data ambayo mtu wa kawaida anaweza kupeleka malalamiko bila wakili, na karibu sheria zote hizo, ya Ulaya, ya Kenya ya 2019, ya Tanzania ya 2022, zinakubaliana kwamba taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja haitumiki kwa kazi nyingine, na kumtongoza mteja si kazi ya usalama wa mlango. Akitumia namba nyingine kukutafuta au akatokea maeneo ya kwenu, hapo usisubiri barua wala mamlaka, nenda polisi siku hiyohiyo na mtu mzima wa kwenu.

Na namba ya simu usiache tena. Mlango hauna kazi nayo, hiyo ni ya kukutumia matangazo.

Mimi ni fundi ujenzi, kila skana ikigusa kidole changu inakataa. Watu nyuma wanapiga kelele, baunsa ananiangalia kama mwizi.

Saruji inakula mistari ya vidole, kaka, huna kosa. Wazee pia inawatokea, na waliotumia dawa fulani za saratani, na mtu yeyote aliyeshika chupa ya baridi dakika mbili kabla. Mfumo wowote wa kidole lazima uwe na njia ya pili kwa watu kama nyie. Kama hawana, tatizo ni lao, waambie hivyo kwa sauti ya kistaarabu.

Wengine wanatumia daftari tu. Mimi huwa naandika jina la uongo, nimeshawahi kuandika jina la mchezaji mpira. Kuna ubaya?

Nimecheka. Dirishani kwangu nilikuwa napata marais watatu kwa usiku.

Daftari la mlangoni ni dhaifu pande zote mbili, wao hawajui kama ni wewe, na wewe hujui nani aliyesimama nyuma yako amesoma namba yako. Korea Kusini Mei 2020, wakati wa korona, maambukizi yalizuka kwenye klabu za Itaewon pale Seoul, maofisa wakaenda kwenye orodha za wageni wakakuta wengi wameandika taarifa za uongo na hawapatikani. Na usiwalaumu haraka, baadhi ya klabu zile walikuwa wanaenda wapenzi wa jinsia moja na watu waliogopa kujulikana kazini na nyumbani. Mwezi uliofuata serikali ikaleta msimbo wa QR wa kuskani mlangoni, lakini angalia walivyoutengeneza, jina lilikaa kwenye hifadhi moja na taarifa za ulikoenda zikakaa hifadhi nyingine, zinaunganishwa tu mgonjwa akipatikana, na baada ya wiki 4 zinafutwa. Nimelitaja kwa sababu watu wanadanganya pale wanapoogopa, na ukitaka waseme kweli inabidi upunguze cha kuogopa.

Ila kutoa kitambulisho cha mtu mwingine si sawa na kuandika jina la mchezaji, hiyo ni jinai sehemu nyingi. Usichanganye.

Anti wewe unaongea tu. Mimi nina klabu ndogo. Nimeshachomewa kisu baunsa wangu mmoja na yule mtu alirudi baada ya miezi miwili amenyoa ndevu. Nisiandikishe watu?

Hapana, wewe nakuheshimu, na pole kwa baunsa wako. Swali lako ni la haki na wengi wanaoandika kuhusu faragha wanalikwepa.

Andikisha, ila andikisha wale uliowafukuza. Orodha ya marufuku ya watu 40 ni kitu tofauti kabisa na kanzidata ya watu elfu 20 waliokuja kunywa. Picha, jina, tarehe, alifanya nini, nani aliamua, na marufuku inaisha lini, weka na tarehe ya kuisha, maana nimeona mtu amefungiwa maisha kwa kumjibu vibaya shemeji wa meneja. Mpe pia njia ya kukata rufaa.

Kama sheria ya unapoishi inakulazimisha kuskani kila mtu, mfano Queensland, Australia, tangu Julai 2017 klabu za maeneo fulani ya starehe zinazofungua usiku mkubwa zimelazimishwa, basi tazama hata wao wameweka kikomo, taarifa za wateja wa kawaida zinafutwa baada ya siku 30. Wewe usiye na sheria ya kukubana unazitunza miaka mitatu za nini? Na mkandarasi anayekuuzia mfumo muulize data zinakaa kwake au kwako. Mwaka 2024 hukohuko Australia, jimbo la New South Wales, taarifa za wageni wa klabu kadhaa zilimwagwa mtandaoni, rekodi zaidi ya milioni 1 zilitajwa, na hazikuvuja kwenye klabu zenyewe, zilipita kwa kampuni ya nje iliyowafungia mashine za mlangoni. Waliobeba lawama kwa wateja ni klabu.

Nilishasaini fomu ya kukubali. Naweza kudai wafute?

Unaweza. Kwa sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, GDPR, alama ya kidole ya kukutambulisha iko kwenye kundi la data nyeti pamoja na afya na dini, ridhaa inatakiwa iwe ya hiari na unaweza kuiondoa, na wana mwezi mmoja wa kukujibu. Ridhaa ya "saini au rudi nyumbani" saa sita usiku na marafiki wako tayari wako ndani, hiyo hiari yake naiona ndogo. Kule Kanada, kamishna wa faragha wa Alberta mwaka 2008 aliiambia klabu moja ya Calgary iache kuskani leseni za wateja kwa sababu haikuonyesha kwamba kweli inahitaji. Baadaye sheria ya jimbo ikabadilishwa, ikaruhusu vitu vichache, jina, umri na picha.

Eti kuna klabu iliwapandikiza watu chip mwilini, au ni stori za vijiweni?

Kweli kabisa. Barcelona, 2004, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele chini ya ngozi ya mkono, kwa wateja wa VIP, kulipia vinywaji. Walijitolea wenyewe, tena kwa furaha. Twende mbele.

Mbona mnakuza mambo? Kila glasi ninayoshika pale ndani ina alama zangu za vidole. Mtu akizitaka si anachukua tu glasi?

Swali zuri kuliko yote na limeandikwa kwa dharau, ndo ninavyopenda. Ni kweli. Mwaka 2008 wadukuzi wa Ujerumani wa Chaos Computer Club walipata alama ya kidole ya waziri wa mambo ya ndani, Wolfgang Schäuble, kutoka kwenye glasi ya maji, wakaichapisha kwenye jarida lao na kifilamu cha kubandika kidoleni. Waziri mwenyewe ndo alikuwa anapigia debe alama za vidole kwenye pasipoti.

Lakini hebu angalia kazi iliyofanyika. Walimtaka mtu mmoja, wakaitafuta glasi moja. Kwenye mashine ya mlangoni mko wote, mmepangwa, kila kidole kina jina, picha na saa uliyoingia, na mtu akiondoka na flashi mfukoni ameondoka na usiku wote wa mwaka mzima. Glasi zetu sisi kuna dada alikuwa anapita na trei kila baada ya nusu saa anazikusanya, anazitumbukiza kwenye maji ya moto na sabuni, zinarudi mezani hazina mtu. Ile kompyuta ya chini ya kaunta miaka yote miwili sikuona mtu anafuta hata mstari mmoja.