Je, kuandika "Sheikh" kwenye habari ni kupendelea dini?

SWALI: Naandika habari za redio hapa Kondoa. Mhariri wangu hufuta "Sheikh" kila mahali, anasema chombo cha habari hakina dini, jina linatosha. Wasikilizaji wanalalamika. Nifuate lipi?

JIBU: Muulize kama "Askofu" na "Padri" navyo huvifuta. Kama haviguswi, hoja yake imekwisha. Msikilizaji ana haki ya kujua kama anayesema ni Sheikh wa Mkoa wa Dodoma au ni muumini aliyepita tu njiani. Taja cheo kamili mara ya kwanza, kisha "Sheikh" na jina moja.

Ninalopambana nalo kila wiki ni la upande wa pili: kila mwenye kanzu na kofia anaandikwa sheikh. Jamani! Imamu ni yule anayeswalisha, awe wa msikiti wa udongo kijijini au wa Msikiti wa Gaddafi hapa Dodoma. Si ngazi iliyo juu ya sheikh wala chini yake. Alhaji amehiji Makka, basi. Mwenye duka pale Majengo anaweza kuwa alhaji na asiwe na elimu ya kufundisha hata watoto wa madrasa. Na "Mufti" usimpachike mtu kwa kuwa ametoa fatwa, yaani jibu kuhusu sheria ya dini. Huku Bara ndicho cheo cha kiongozi mkuu wa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na Zanzibar ofisi ya Mufti ina sheria yake.

Ukarimu huu wa vyeo ndio unaowanenepesha matapeli. Tazama nguzo za umeme: "Sheikh" anarudisha mpenzi, anavuta mali, anasafisha nyota. Kajipa cheo mwenyewe, nasi tunamsomea tangazo hewani kama alivyolileta. Siku akikamatwa tunatangaza "sheikh mbaroni kwa utapeli", na aibu inawaangukia watu waliokaa miaka mingi mbele ya walimu wao wakisoma tafsiri ya Kurani na fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini.

Kwa hiyo uliza: anasomesha wapi, msikiti gani unamtambua, nani alikuwa mwalimu wake? Si lazima awe wa BAKWATA. Wapo masheikh wakubwa nje yake, na waumini wao wanawajua. Asiye na jibu, mwandike kwa jina lake na kazi anayoifanya, yaani mganga. Tangazo lake likifika mezani, hilo "Sheikh" ndilo mhariri wako alifute.