Seva iko Langoni, mimi niko Mombasa

Msomaji mmoja wa Malindi ameniandikia. Kanunua kompyuta kuukuu, kaitia Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta), anataka iwe seva yake, yaani mashine inayokaa imewaka ikitunza mafaili, na aihudumie akiwa safarini, lakini watu wanamwambia akakodi kila kitu ng'ambo. Ndugu yangu, maneno hayo nami niliambiwa. Nilipotaka kuhifadhi kasida za Maulidi na madaftari ya madrasa kwenye mashine yangu mwenyewe kwetu Lamu, mtu wa kompyuta niliyemheshimu alinicheka mbele ya watu: "Seva kisiwani? Umeme ukikatika je?" Hadi leo inaniuma.

Umeme ukikatika, mashine inazimika. Ukirudi, inawaka yenyewe, maana kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka) nimeiamuru hivyo. Iko Langoni, mtaa wa Lamu, juu ya kabati kwa mama, na wiki hii nimeihudumia kutoka Mombasa kwa simu yangu.

Kikwazo kikubwa ni laini. Intaneti ya simu kwa kawaida haikupi anwani yako peke yako. Wateja wengi wanachangia moja, kwa hiyo ukibisha hodi kutoka nje hufiki. Basi seva yenyewe ndiyo itoke. Nimekodi kijiseva chenye anwani ya wazi, na ile ya Langoni inakipigia muda wote kwa SSH, njia ya siri ya kuingia kwenye mashine ya mbali. Hiyo -R inafungua mlango nambari 2222 kwenye kijiseva, unaorudi hadi Langoni:

ssh -N -R 2222:localhost:22 jina@kijiseva

Amri hiyo nimeikabidhi systemd, msimamizi wa huduma ndani ya Linux, laini ikikatika iunganishe tena. Nami nikiwa mbali napitia hukohuko:

ssh -J jina@kijiseva -p 2222 jina@localhost

Kijiseva ni njia tu. Kasida hazikai huko.

Halafu achana na nywila. SSH yenyewe ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Ufini baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Sasa wewe unataka kulinda nyumba kwa jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa? Tengeneza jozi ya funguo, mmoja wa siri na mmoja wa hadharani, kwa ssh-keygen -t ed25519, peleka ule wa hadharani kwenye seva kwa ssh-copy-id, kisha kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya SSH huko kwenye seva, andika PasswordAuthentication no. Pima kwa sudo sshd -t kabla ya kuwasha upya huduma. Na dirisha ulilomo usilifunge, nasema usilifunge, mpaka uingie kwa dirisha jipya. Ukijifungia nje ukiwa Mombasa, dawa ni basi hadi Mokowe, kisha boti.

Vijana wenzangu wa pwani, tumezoea kuambiwa vitu vyetu vitunzwe na wengine. Sauti za wazee wetu tunazipandisha kwenye akaunti za watu, akaunti ikifungwa tunalia. Jifunzeni hii skrini nyeusi ya kuandikia amri. Haihitaji laini ya kasi, ni maandishi tu yanayopita, na ukifungulia tmux, programu inayoshikilia kazi yako kwenye seva, mtandao ukipotea kazi inaendelea kulekule nyumbani.

Wewe wa Malindi, anza na kijiseva. Ukikwama kwenye -R, niandikie tena.