Jibu: Tovuti ya fraktali ya kila siku imenielemea, nifanyeje?

Pole ndugu. Umeachiwa tovuti inayotoa picha moja ya fraktali (umbo la kihisabati linalojirudia kila ukilikuza) kila siku, hulipwi hata senti, na unakesha ili picha ipande kabla ya saa sita usiku.

Kwanza acha kukesha. Andaa picha za wiki tatu kwa mkupuo, zipe majina kwa tarehe, halafu weka kazi ya cron (programu inayoendesha amri kwa ratiba) kwenye seva iitoe moja kila usiku. Jumapili rudia ya zamani. Hakuna dhambi.

Kikubwa zaidi ni vigezo, yaani kanuni na namba zinazoizalisha picha, na hapa wengi huharibu. Picha ya seti ya Mandelbrot, fraktali maarufu, hutokana na kanuni fupi, z² + c, pamoja na kitovu, ukuzaji, idadi ya marudio na rangi. Fractint, programu ya kuchora fraktali, huyaweka hayo kwenye faili la .par, mistari michache ya maandishi kwa kila picha. Ukiwa nalo unaichora upya kwa ukubwa wowote. Hata GIF za Fractint hubeba vigezo ndani yake, ila ukizigeuza JPEG vinapotea. Kwa hiyo usifute GIF asili, na mafaili ya .frm (yanayohifadhi kanuni) uyanakili pia, sehemu mbili tofauti, kabla hujagusa muonekano wa tovuti.

Pia uliza jina la kikoa (anwani ya tovuti) limesajiliwa kwa nani na nani analilipia. Akitoweka huyo, tovuti inaondoka naye.

Picha za wachangiaji usizichape kwenye fulana bila idhini yao ya maandishi. Hela zikianza kuingia, muone mwanasheria.