Baridi ikianza, tafuta riwaya ambayo mtu anavuka ukuta anatokea dunia nyingine

Juni na Julai Mbeya unaijua mwenyewe, saa moja jioni kila mtu kajifungia na blanketi. Mi miezi hiyo nasoma fantasia, zile ambazo mtu wa kawaida kabisa anapita kwenye upenyo flani anatokea dunia ya madragoni, na ndani yake kuna mapenzi ya wavulana wawili au wasichana wawili. Alafu iwe ya kuchekesha. Hapo kwenye kuchekesha sina mjadala.

Huku kwetu hili jambo likitajwa linakuja na mahubiri au na polisi, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ni miaka 30 mpaka maisha, na hata riwaya nzito za nje mara nyingi lazima mmoja afe au afukuzwe kwao ndo msomaji amuonee huruma. Sasa mtu umetoka kazini umechoka, unalia tena ya nini? Kwenye hizi nyepesi akishavuka tu, wa kule wana shida zao nyingine kabisa, vita, mfalme kichaa, majini, na kijana akimpenda kijana mwenzie tatizo linakuwa kwamba hajui kutongoza. Yaani aibu ile ile ambayo wapenzi wengine wote wameandikiwa miaka na miaka.

Na huo mlango wa kwenda dunia nyingine si mgeni kwetu. Alice, yule msichana wa kwenye hadithi ya Nchi ya Ajabu, kashatumbukia shimoni kwa Kiswahili tangu 1940, na sie tuliokulia huku tumesimuliwa mambo ya Ziwa Ngosi mpaka basi, ukipanda ule msitu na ukungu ule mtu akikwambia chini ya maji kuna mji hubishi sana.

Ukitaka pa kuanzia, chukua In Other Lands ya Sarah Rees Brennan, ya 2017. Elliot ana mdomo hatari, anavuka ukuta ambao wengi hawauoni, anajikuta kwenye kambi ya mafunzo ya jeshi, vifaa vya umeme havifanyi kazi, na yeye vita hataki, anataka watu wakae mezani wapatane. Kuna elfu (elves, viumbe wa hadithi wanaofanana na watu) ambao kwao wanawake ndo wapiganaji na wanaume ndo wanaambiwa watulie nyumbani maana ni viumbe dhaifu, hapo nilicheka nikikumbuka vikao vya ukoo vya huku. Anaanza kumpenda msichana wa kielfu, baadae sana ndo anakuja kushtuka kuhusu yule kijana anayegombana nae kila siku.

Ni Kiingereza ila mazungumzo ni mengi, utani mmoja ukikupita usirudi nyuma, wa pili unakuja. Usianze na yenye ramani na vitabu tisa. Na kabla ya kununua ulizia mwisho kama wote wawili wanabaki hai, watu wanasema unaharibu utamu, waache waseme. Mhusika akifika siku ya pili ashatawazwa na wenyeji wote kazi yao kumshangaa tu, kitabu hicho achana nacho.

Simu punguza mwanga, maana kwenye Coaster ya Iringa jirani anaweza akasoma na wewe kuanzia Makambako mpaka Mafinga. Akikuuliza unacheka nini, mwambie kuna mtu kapelekwa jeshini anang'ang'ania kuandika mikataba.