Breki za Gari la Kawaida Uwanjani: Tafuta Kwanza Joto Linaishia Wapi

Kila mwaka wapo wenye magari ya kwendea kazini ambao hulipia siku ya wazi katika viwanja vya mbio za magari vya Uingereza kama Brands Hatch au Snetterton, si kwa kushindana bali kwa kujifunza kuendesha kwa kasi mahali palipo salama, na swali la kwanza la wengi wao huwa ni kalipa za kampuni gani wanunue, yaani vibanio vinavyozisukuma pedi za msuguano kwenye diski inayozunguka na gurudumu. Ninawashauri wageni wa mchezo huu waliache swali hilo kwanza, kwa sababu kabla ya kutumia fedha nyingi ni lazima ujue ni sehemu gani ya breki zako inayoshindwa, na karibu kila mara chanzo cha kushindwa huko ni joto.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na kiasi cha joto hilo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kupunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80 huzalisha joto mara tatu ya lile la kusimama kabisa kutoka 80. Barabarani jambo hilo hutokea kwa nadra, na diski hupata muda wa kupoa. Katika mzunguko mfupi wa Brands Hatch, wenye takriban kilomita 1.9 na ambao dereva wa kawaida huumaliza kwa karibu dakika moja, kona ya pili ya kufunga breki hufika kabla joto la ile ya kwanza halijaondoka.

Breki zilizozidiwa na joto hukupa dalili mbili tofauti, na asiyezitofautisha atanunua kifaa kisicho na kosa. Kanyagio likilegea na kuzama kuelekea sakafuni, mafuta ya breki yamechemka, kwa kuwa mvuke hubanika ilhali mafuta hayabaniki. Kanyagio likibaki gumu lakini gari likakataa kupunguza mwendo, pedi zimevuka joto zinaloliweza na msuguano wake umeshuka. Dalili ya kwanza huwashtua watu zaidi, lakini ndiyo iliyo rahisi zaidi kuitibu.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani hata gari likiwa limeegeshwa, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Daraja la mafuta liitwalo DOT 4 linatakiwa kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi likiwa jipya, lakini likishapata maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa ni nyuzi 155 tu. DOT 5.1 inadaiwa 260 na 180, na mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio huvuka 300 yakiwa mapya. Kwa hiyo matumizi ya kwanza ya fedha zako yawe mafuta mapya ya daraja la juu na fundi atakayetoa hewa iliyonaswa ndani ya mabomba ya breki ya magurudumu yote manne, kazi ambayo itapaswa kurudiwa mara nyingi kuliko kwa gari la mtaani. Usitie DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine, ingawa jina lake linafanana mno na 5.1.

Baada ya mafuta huja pedi, na hapa ndipo ninapomtaka mgeni atulie zaidi. Pedi za mtaani zimetengenezwa zishike asubuhi ya baridi, zisipige kelele na zisile diski. Pedi za uwanjani hustahimili nyuzi 600 na zaidi, lakini nyingi hushika kwa uvivu zikiwa baridi, hulia, na huchafua rimu. Gari linalokwenda uwanjani mara chache kwa mwaka na kurudi nyumbani kwa magurudumu yake lenyewe linahitaji pedi za katikati, hata kama muuzaji anasifu zile kali zaidi. Ukitaka kuamua kwa ushahidi, paka ukingoni mwa diski rangi za kupimia joto, ambazo kwa kawaida hubadilika kwenye nyuzi 430, 560 na 610. Ni kipimo cha bei ndogo kuliko pedi zozote. Pedi mpya pia zizoeshwe diski kwa kufunga breki kwa kadiri mara kadhaa na kuziacha zipoe, kwa sababu mtetemo ambao wengi hudhani unatokana na diski iliyopinda mara nyingi hutokana na masalia ya pedi yaliyoganda bila usawa.

Kuhusu diski sina mengi: chukua zenye njia za hewa kati ya kuta zake mbili na uso usiotobolewa, kwani vitobo hupendeza macho lakini ndipo nyufa huanzia.

Seti kubwa za kalipa na diski zina mahali pake, hasa kwa gari zito lenye nguvu. Hata hivyo, hazifupishi umbali wa kusimama mara moja ikiwa breki za sasa tayari zinaweza kuyafikisha matairi kwenye kikomo cha mshiko wake. Zinachoongeza ni uwezo wa kubeba na kutoa joto. Magari ya ngazi ya juu ya mbio za dunia za rali hutumia diski za milimita 300 kwenye njia za vumbi kama za Safari Rally ya Kenya, na za milimita 370 kwenye lami, kwa sababu mshiko na joto havilingani.

Hatari ya seti ya mbele peke yake ni kuvuruga mgawanyo wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma. Pistoni za kalipa zilizo kubwa kuliko za awali hurefusha mwendo wa kanyagio na kuhamishia kazi zaidi mbele, magurudumu ya nyuma hubaki bila kazi ya kutosha, na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa kufunga breki, hulazimika kufanya hesabu ambazo haikuandaliwa kwazo. Ndiyo maana wenye Subaru Impreza WRX wanaohamishia kalipa za kampuni ya Brembo kutoka STI, toleo kali zaidi la gari hilo, hufanya vyema kuhamisha za mbele na za nyuma pamoja, na kuhakikisha kwanza kwamba rimu zao, kwa kawaida za inchi 17 au zaidi, zinazunguka bila kuzigusa kalipa hizo.

Mzunguko wa mwisho wa kila zamu uendeshwe polepole, karibu bila kugusa breki, ili hewa ipooze diski. Ukishaegesha, liache gari kwenye gia au weka kizuizi chini ya gurudumu, wala usivute handibreki, kwa sababu pedi zilizobanwa kwenye diski yenye moto huacha alama utakayoisikia kwenye kanyagio njia nzima ya kurudi nyumbani.